Neno "shrift": kutoka kalamu ya Kirumi hadi shoka la London

Swali: Nafundisha Kiingereza sekondari. Katika habari ya gazeti niliyowapa wanafunzi wa kidato cha tano kulikuwa na maneno *short shrift*, na mmoja akauliza *shrift* ni nini. Kamusi moja inasema "kupuuza", nyingine inasema "maungamo ya dhambi kwa padri", na mwenzangu ofisini anashikilia kwamba ni *shift* iliyoingiliwa na herufi r. Kuungama na kupuuzwa vinakutana wapi? Na neno hili bado lina matumizi, au niwaambie wanafunzi waliache?

Jibu: Mwalimu, kamusi zako zote mbili zimesema kweli. Kuungama na kupuuzwa vinakutana mahali pamoja tu: pale mtu aliyekwisha kuhukumiwa kufa anapoambiwa aungame upesi kwa sababu shoka linasubiri. Nitakupeleka hapo kwanza, kisha turudi nyuma zaidi, maana chimbuko la neno lenyewe lina utamu kuliko msemo.

Hoja ya mwenzako tuimalize mapema. *Shift* ni neno jingine kabisa. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa kitenzi cha kupanga na kugawa. *Thrift*, ambalo nalo wanafunzi hulichanganya na hili, lililetwa na walowezi kutoka Skandinavia na ni ndugu wa *thrive*. Hata *shrine*, lenye harufu ya kanisa na sauti zile zile mwanzoni, lina asili yake: *scrinium*, kasha la Kirumi la kuwekea vitabu na hati. *Shrift* limetokana na kitenzi *shrive*, ambacho kwa karne nyingi kilitumika kwa padri anayemsikiliza mtu akiungama, akampa malipizi na kumwondolea dhambi. Tendo hilo lote ndilo *shrift*.

Sasa London, 13 Juni 1483. Mfalme Edward wa Nne amefariki mwezi Aprili, mrithi wake ni mtoto wa miaka 12, na Richard, baba mdogo wa mtoto huyo, ndiye mlinzi wa ufalme. Katika kikao cha baraza ndani ya ngome ya Tower, Richard anamgeuzia kibao Lodi William Hastings, rafiki mkubwa wa marehemu mfalme. Anamtuhumu uhaini, na kabla ya watu kukaa mezani Hastings amelazwa kwenye gogo na kukatwa kichwa, bila kesi. Thomas More, aliyeiandika habari hiyo miaka 30 hivi baadaye, anasema Hastings alimchukua padri yeyote aliyepatikana akafanya *short shrift*, maungamo mafupi, kwa kuwa marefu yasingeruhusiwa: mlinzi wa ufalme alikuwa na haraka ya kwenda kula, na alikwisha kuapa kwamba hatakula mpaka jambo lile liishe.

Watu wengi humpa Shakespeare sifa ya msemo huu. Kwangu mimi huko ni kumnyima More haki yake. Maandishi yake yaliingizwa katika vitabu vya historia vya karne ya 16, na Shakespeare alivisoma hivyo alipotunga tamthilia yake ya Richard wa Tatu, iliyochapwa mwaka 1597. Maneno mawili yale aliyakuta yamekwisha kuandikwa. Tena More alikuja kulijua jambo lenyewe kwa mwili wake: mwaka 1535 naye alikatwa kichwa, kilimani nje kidogo ya ngome ile ile.

Lakini alichokifanya Shakespeare na neno lile ni kazi ya fundi, na kama una nakala ya tamthilia hiyo shuleni nakuomba uwasomee wanafunzi. Tazama tendo la tatu, onyesho la pili. Hastings anazungumza na padri njiani, amechangamka, kwa sababu amepata habari kwamba adui zake wanauawa siku hiyo huko Pomfret. Buckingham, mshirika wa Richard, anampita na kumwambia kwamba rafiki zake wa Pomfret ndio wanaomhitaji padri. Yeye Hastings hana kazi ya kuungamishwa, *no shriving work in hand*. Rafiki hao walikuwa mahasimu, na Hastings anaupokea mzaha huo kwa furaha. Onyesho moja tu linapita, na katika la nne Ratcliffe, mtu wa Richard, anamhimiza: *Make a short shrift, he longs to see your head*. Ungama kwa kifupi, bwana ana hamu ya kukiona kichwa chako. Hapo Hastings anamkumbuka padri yule wa njiani na kusema kwamba sasa ndiyo anamhitaji. Mtunzi ameliweka neno mara mbili, kwanza kama utani, kisha kama hukumu. Msikilizaji wa London wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa.

Hakuhitaji kwa sababu alijua nini kilikuwa hatarini. Mkristo wa zama za Hastings aliamini kwamba anayekufa bila kuungama anakwenda mbele ya Mungu na mzigo wake wote. Kumkata mtu kichwa ni adhabu. Kumnyima muda wa padri ni kumfuata hadi upande wa pili wa kaburi. Katika Hamlet, tamthilia nyingine ya Shakespeare, jambo hilo linarudi tena na tena. Mzimu wa baba unalalamika kwamba aliuawa ghafla, dhambi zake zikiwa bado zinachanua, bila sakramenti. Hamlet anamkuta ami yake akisali na anaacha kumuua, asije akampeleka mbinguni akiwa safi. Na barua aliyoighushi kuwaangamiza wenzake wawili inaamuru wauawe mara moja, *not shriving time allowed*, wasipewe hata nafasi ya maungamo. Anayejua maana ya *shrive* anaona ukatili wa mstari ule. Asiyeijua anaupita tu.

Baada ya hapo msemo ulikaa kimya kwa vizazi kadhaa. Mwanzoni mwa karne ya 19 Walter Scott, ambaye alipenda sana msamiati wa enzi za mashujaa na ngome, aliurudisha katika ushairi wake, na kutoka huko ukaingia magazetini. Katika safari hiyo jambo moja lilibadilika nalo ndilo linalowatatiza wanafunzi wako. Kwa More na Shakespeare, anayefanya *short shrift* ni yule anayekufa. Ndiye *makes* it. Leo mwenye nguvu ndiye anayeitoa, *gives*, na mnyonge anaipata, *gets*. Maungamo yametoweka kabisa, kilichobaki ni haraka ya mkubwa na kutosikilizwa kwa mdogo. Ndiyo maana kamusi moja imekuandikia "kupuuza". Mimi ningesema tafsiri hiyo haifiki. Gazeti la Kiswahili lingeandika kwamba kamati "ililitupilia mbali pendekezo bila hata kulijadili", na mahakama "haikumpa hata nafasi ya kujieleza". Mtu anaweza kupuuza jambo kwa kukaa kimya mwaka mzima. *Short shrift* ni kukataliwa hapo hapo, uso kwa uso, kwa mkato.

Sasa asili yenyewe. *Shrive* limetoka katika Kilatini *scribere*, kuandika. Huko ndiko yalikotoka *script*, *scribe*, *describe* na *prescription*. Makabila ya Kijerumani yaliyopakana na dola ya Rumi yalilichukua neno hilo zamani sana, na ushahidi mmoja upo katika umbo lake: *shrive, shrove, shriven*, sawasawa na *drive, drove, driven*. Vitenzi vya kuazima katika Kiingereza kwa kawaida hubandikwa *-ed* mwishoni na kazi imekwisha. Cha Kilatini kugeuka vokali ndani kama mzaliwa wa nyumbani ni jambo adimu, nalo laonyesha kimekaa humo muda mrefu mno.

Swali ni kwa nini kitenzi cha kuandika kiishie kwenye maungamo. Waholanzi walikichukua kikabaki kuandika, *schrijven*. Wajerumani vivyo hivyo, *schreiben*. Waingereza walikuwa tayari na neno lao, *writan*, ambalo mwanzoni lilikuwa kuchanja alama kwa ncha kali juu ya mti, mfupa au jiwe. Ndilo *write* la leo. Kazi ya kuandika ilikuwa na mwenyewe. Mgeni akapewa kazi iliyo jirani.

Kazi gani hiyo, Kiswahili kinatuonyesha vizuri kuliko Kiingereza cha sasa. Sisi tuna *kuandika* na tuna *kuandikiwa*. Daktari anamwandikia mgonjwa dawa: vidonge viwili, mara tatu, siku tano. Na tunasema mtu hafi kabla ya siku aliyoandikiwa. Hakuna anayeshangaa kwamba kitenzi kimoja kinabeba wino, kipimo cha dawa na majaaliwa. *Scrifan* ya Kiingereza cha kale ilikuwa ni hiyo *kuandikia*: kumpangia mtu, kumkadiria, kumtolea amri.

Utaikuta katika maana hiyo kwenye Beowulf, utenzi mkongwe wa Waingereza ambao hati yake iliyobaki ni ya mwaka 1000 hivi. Mstari wa 106 unasema Muumba alikuwa amemlaani na kumfukuza dubwana Grendel pamoja na ukoo wa Kaini, na kitenzi ni *forscrifen*. Karibu na mwisho, mfalme mzee akipambana na joka, mstari wa 2574 unasema majaaliwa hayakumwandikia ushindi katika vita hivyo: *wyrd ne gescraf*. Hapo hakuna padri, hakuna kiti cha maungamo. Kuna mwenye uwezo anayeandika na mwingine anayeandikiwa.

Kanisa lilipofika likalikuta neno hilo liko tayari. Wamisionari kutoka Roma walitua Kent mwaka 597, na mwaka 669 akaja Canterbury Askofu Mkuu Theodore, mzee mwenye elimu kubwa aliyezaliwa Tarso, mji wa Mtume Paulo. Wakati huo desturi ya toba ilikuwa inabadilika. Katika Kanisa la kale dhambi kubwa ilitubiwa hadharani, tena mara moja tu maishani. Wamonaki wa Ireland walieneza njia nyingine: mtu anaungama kwa faragha, anaweza kurudi tena akianguka, na kila kosa lina malipizi yake yaliyopimwa. Wakatunga vitabu vya mwongozo kwa ajili ya mapadri, na vitabu hivyo havikuficha mfano vilioutumia: padri ni tabibu, dhambi ni maradhi, na ugonjwa hutibiwa kwa kinyume chake.

Kipo kitabu cha aina hiyo kilichokusanywa kutokana na majibu ya Theodore mwenyewe. Ukikisoma unaona vipimo. Mmonaki anayelewa hadi kutapika atatubu siku 30; padri au shemasi, 40; mlei, 15. Aliyeua kwa amri ya bwana wake atakaa mbali na kanisa siku 40. Aliyeua vitani atatubu siku 40 pia. Kipimo kinaangalia mtenda ni nani na alitenda katika hali gani, na aliyewekwa wakfu anabeba zaidi ya mkulima wa kawaida. Sasa unaelewa kwa nini Mwingereza wa karne ile aliona *scrifan* ndicho kitenzi kinachofaa. Padri alikuwa akimwandikia mtu malipizi kama tabibu anavyoandika dawa.

Kutokana na kitenzi hicho likapatikana jina *scrift*, na mwanzoni lilikuwa na maana mbili zilizokaa pamoja: malipizi yaliyoandikwa, na padri anayeyaandika. Agizo moja la kanisa la Uingereza la mwaka 1000 hivi linasema kwamba katika wiki inayotangulia Kwaresima kila mtu aende kwa *scrift* wake, aungame aliyoyatenda, naye ampangie malipizi. Kwa hiyo maungamo, yaani maneno ya mwenye dhambi, ndiyo maana iliyochelewa kuingia. Kwanza neno lilikuwa la mtoaji wa hukumu. Baadaye likafunika shughuli nzima, na mwishowe likaelemea upande wa anayepiga magoti. Mwaka 1215 Mtaguso wa nne wa Laterano uliamuru kila Mkristo aliyefikia umri wa kupambanua mema na mabaya aungame angalau mara moja kwa mwaka, na kuanzia hapo hakukuwa na Mwingereza, awe mfalme au mchunga kondoo, ambaye neno hili halikumhusu.

Majirani wa kaskazini walibaki na pande zote mbili hadi leo. Mdenmaki husema *skrive* kwa kuandika na *skrifte* kwa kuungama. Kiaislandi kina *skrifa* na *skrifta*. Mzizi ni mmoja. Kwa upande wa Kiingereza, sauti *sk* ya mwanzo ililainika ikawa *sh*, kama *scip* ilivyokuwa *ship* na *fisc* ikawa *fish*. Kwa hiyo *script* na *shrift* ni ndugu wa tumbo moja: mmoja alilelewa kwenye vitabu vya Kilatini akabaki na sura yake, mwingine aliishi mitaani na watu kwa miaka zaidi ya elfu.

Mabaki yanayoonekana zaidi ya kitenzi hiki yako kwenye kalenda. Siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu Waingereza huiita *Shrove Tuesday*, Jumanne ya kuungamishwa, kwa sababu ndipo watu walipokwenda kujiweka sawa kabla ya mfungo. Mfungo wa zamani ulikataza mayai, maziwa na siagi, basi kila nyumba ilimaliza akiba yake kwa kupika chapati za maji. Chapati zikaishi kuliko maungamo. Katika mji wa Olney wanawake hushindana mbio siku hiyo wakiwa na kikaango na chapati mkononi, na tangu mwaka 1950 wenzao wa mji wa Liberal, jimbo la Kansas, Marekani, hushindana nao kwa kulinganisha muda. Kule Ashbourne mji mzima hugawanyika pande mbili na kucheza mpira ambao magoli yake yako umbali wa maili tatu hivi. Wengi wa washiriki hawa wangekuambia siku inaitwaje, ila *shrove* ni nini wasingeweza.

Kilichoua neno ni Matengenezo ya Kanisa. Uingereza ilijitenga na Roma mwaka 1534, na kufikia mwaka 1548 maungamo ya faragha yalikuwa yamefanywa ya hiari. Shughuli ikikoma, msamiati wake hukosa pa kusimama. Waliobaki nalo ni washairi. Mwaka 1798 Coleridge anamfanya baharia wake aliyemuua ndege asiye na hatia amlilie mtawa wa msituni amwungamishe, na anatumia *shrieve*, tahajia ambayo hata wakati huo ilionekana ya kale. Anglikana wenye mwelekeo wa Kikatoliki walirudisha maungamo katika karne ya 19, na kwa kuwa wamisionari wa UMCA (misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati) walitoka katika mkondo huo, Waanglikana wa Zanzibar na Masasi wanaifahamu desturi ya kuungama kwa padri. Hata hivyo neno lililorudi nayo kwa watu wengi lilikuwa *confession*. *Shrive* lilibaki vitabuni.

Sasa darasani. Waambie wanafunzi wako kwamba *shrift* peke yake halitumiki tena katika Kiingereza cha kawaida. Mtu hasemi amekwenda kwenye *shrift*. Linaishi ndani ya *short shrift* tu, na linakwenda na *give*, *get* au *receive*. Mfano mzuri wa insha ni *The minister gave their complaint short shrift*: waziri aliyatupilia mbali malalamiko yao papo hapo. *Shrive* na *shriven* wazitambue wanaposoma fasihi ya kale, wasizitie katika insha zao. Kwa matamshi, *shrive* ni "shraiv", linafuatana na *drive*. *Shrift* linafuatana na *lift*.

Utawakuta wengine wakiandika *make short shrift of*. Kwa More na Shakespeare *make* ilikuwa sawa kabisa, kwa sababu anayetenda alikuwa yule anayeungama. Siku hizi umbo hilo mara nyingi ni mchanganyiko na *make short work of*, kumaliza kazi haraka, na mtahini makini anaweza kulikata. Wakitaka kusema kwamba timu iliwamaliza wapinzani upesi, watumie *short work*. Wakitaka kusema kwamba mtu hakupewa hata nafasi ya kusikilizwa, hapo *short shrift* iko mahali pake.